Chai ya Colleyville: rabi alimkaribisha mgeni, mgeni akatoa bastola

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 15 Januari 2022 baridi ilikuwa kali pale Colleyville, mji mdogo wa Texas uliojibanza kati ya Dallas na Fort Worth, na ile korona ya Omicron ilikuwa imepamba moto, kwa hivyo waumini wengi wa sinagogi ya Beth Israel walibaki majumbani wakifuata ibada kwenye simu, laivu. Kabla ibada haijaanza mtu akabisha mlangoni. Rabi akaenda kumfungulia, akamwona mwanamume amejikunyata, hali yake ya mtu asiye na pa kulala. Akamwingiza ndani, akamtengenezea chai.

Hiyo chai ndiyo nataka tuiongelee leo. Hicho kisa wengi mlikisikia kwenye taarifa kama habari ya mateka na FBI, watu wakashangaa siku mbili tatu kisha wakasahau, lakini mimi kimenikaa kichwani miaka yote hii kwa sababu ya kile kikombe. Mimi kanisani kwetu hapa Mombasa niko kwenye zamu ya mlangoni, ndiye ninayekupa mkono na kukuonyesha kiti, na pembeni yangu anasimama askari na kile kichuma chake kinacholia pii ukipita na funguo. Tumezoea, tangu zile enzi za mashambulizi ya Garissa na Likoni hakuna anayeuliza tena kwa nini anapekuliwa akienda kumwomba Mungu. Kwa hivyo nikisoma kuhusu mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya ibada akampa mgeni chai halafu mambo yakaenda yalivyoenda, naona kama nasoma kuhusu zamu yangu mwenyewe.

Basi tuanze. Rabi anaitwa Charlie Cytron-Walker, kwao wanamwita Rabi Charlie tu. Alikuwa pale tangu 2006, rabi wao wa kwanza wa kudumu, mtu wa Michigan kwa asili, na kabla ya hii sifa ya mateka alikuwa anajulikana mji mzima kama yule rabi anayekaa na maimamu na wachungaji, ukimkosa sinagogini utamkuta kwenye kikao cha dini mbalimbali. Siku hiyo ndani walikuwa yeye na wanaume watatu tu. Chai ikaiva, wakaongea na mgeni, mgeni akajikalia, ibada ikaanza.

Sasa ikafika ile sala yao ya kusimama inayoitwa Amida. Hiyo inasaliwa mkielekea Yerusalemu, kwa hivyo rabi akawa amempa mgeni mgongo, na akiwa katikati ya sala akasikia kitu kimelia nyuma, ka! Ilikuwa bastola.

Na wiki yenyewe ilikuwa ni ile ya Beshalaki. Wayahudi wana ratiba ya kusoma Torati, kila Sabato fungu lake, na dunia nzima mnasoma fungu moja. Wiki hiyo ilikuwa Kutoka, pale Farao anakimbiza watu na magari yake ya farasi na mbele yao ni maji matupu, halafu bahari inapasuka wanavuka wakiimba. Wanaiita Sabato ya Wimbo. Lakini ukiendelea kusoma fungu hilo hilo, kabla halijaisha, wanakuja Waamaleki wanawashambulia njiani. Nimelitafakari sana hilo, wimbo na Amaleki wamepangwa fungu moja.

Saa 4:41 asubuhi polisi wakapigiwa simu. Kuanzia hapo yakahesabika masaa karibu 11 mpaka kisa kikaisha.

Huyu mgeni alikuwa nani? Jina lake Malik Faisal Akram, miaka 44, Mwingereza wa mji wa Blackburn. Aliingia Marekani kupitia New York mwisho wa Desemba 2021, akafika Dallas, akalala kwenye makazi ya watu wasio na nyumba, bastola akaipata kwa njia za mtaani. Kumbe usalama wa Uingereza walishawahi kumchunguza 2020 wakaona si tishio wakafunga faili. Familia yake ilisema alikuwa na matatizo ya akili na ikaomba radhi kwa waathirika. Alichotaka ni kimoja tu, Aafia Siddiqui atolewe. Huyo mama ni mwanasayansi wa Pakistani aliyefungwa miaka 86 mwaka 2010 na mahakama ya Marekani kwa kosa la kujaribu kuua wanajeshi wa Kimarekani kule Afghanistan, na gereza lake liko Fort Worth, si mbali na hapo.

Sawa. Lakini hebu jiulize swali ambalo mimi nililiuliza nikiwa bado sijamaliza kusoma habari yenyewe. Kama unataka mfungwa wa serikali ya Marekani atolewe, unaenda sinagogini kufanya nini? Wale wazee wanne wana ufunguo wa gereza?

Jibu ndilo kiini cha kisa chote. Jamaa aliamini kabisa, kwa moyo wake wote, kwamba Wayahudi ndio wanaoendesha dunia. Kwamba ukimshika Myahudi yeyote, hata wa kitongoji cha Texas anayeongoza sala na watu watatu, atainua simu tu na Ikulu ya Marekani itatii. Tena akawaambia wampigie rabi Angela Buchdahl kule New York, wa Central Synagogue, kwa sababu huyo kwa hesabu zake ndiye mwenye sauti kubwa. Mama wa watu yuko Manhattan anaendelea na Sabato yake anapokea simu, mtu mwenye bunduki anamwambia mtoe Aafia. Angemtoa na nini?

Mmoja wa mateka alieleza vizuri baadaye, kwamba yule bwana hakuja kwa nia ya kwenda kuua Wayahudi tu basi, alikuja kwa sababu aliuamini ule uongo wa zamani kwamba Wayahudi wana nguvu za siri. Na hapa naomba tusiwatazame Waingereza peke yao. Kaa kijiweni kwetu jioni, kahawa na kashata, uone itachukua dakika ngapi kabla mtu hajasema "hawa Wayahudi ndio wenye dunia bana", mara Freemason, mara Illuminati, mara benki zote ni zao. Tunacheka, kikombe kinazunguka. Na kuna wanaosema kwa kusifu kabisa, eti Wayahudi wana akili za pesa, Mungu kawapa, na wanadhani wamesema jambo jema. Ni ule ule uongo, umevalishwa kanzu ya Idi tu. Akram hakuzua kitu kipya, alichukua maneno yanayozunguka vijiweni kila mahali akayafanyia kazi. Na la kuchanganya Israel na kila Myahudi popote alipo nalo ni hivyo hivyo, mtu ana hasira na serikali ya Israel, hasira ina sababu au haina mimi sitalitatua hapa, lakini mzee anayesali Texas au pale Nairobi kwenye sinagogi ya University Way hakupiga kura Tel Aviv.

Turudi kwenye chai.

Kila nikisimulia hiki kisa napata majibu mawili. La kwanza, "unaona sasa, wema ukizidi ndio huo, tenda wema uende zako, mlango ungefungwa tu". La pili linatoka kwa ndugu zangu walokole, "Mungu alimwokoa rabi kwa sababu ya ukarimu wake". Yote mawili nimeyakataa, la pili kwa upole kidogo. Maana ukisema aliokolewa kwa ukarimu, wale 11 waliouawa Pittsburgh tarehe 27 Oktoba 2018 sinagogini Sabato asubuhi tuwaambieje watoto wao? Tena yule muuaji wa Pittsburgh hasira yake ilikuwa kwamba Wayahudi wanasaidia wakimbizi, wanakaribisha wageni, hicho ndicho alichokiandika mtandaoni kabla ya kwenda kuua. Yaani ukarimu wenyewe ndio aliouona kosa.

La kwanza sasa. Hapa lazima tuangalie chai ile kwa karibu, maana rabi mwenyewe ameieleza. Alisema kwamba hadithi ya mgeni ilikuwa na vitu ambavyo havikukaa sawa sawa, akawa na udadisi kidogo, ingawa kwa mtu mwenye shida hilo si jambo geni, mtu aliyelala barabarani hadithi yake huwa imekatika katika. Na kutengeneza chai kulimpa nafasi ya kukaa naye na kumsikiliza. Hakusikia la kumshtua. Umeona? Birika liko jikoni na macho yako kazini. Mkarimu hakuwa amelala, alikuwa anamsoma mtu, na akamsoma vibaya, kama ambavyo wale usalama wa Uingereza wenye mafaili na kompyuta na mishahara walimsoma vibaya kabla yake.

Niliwahi kupata kajambo kangu ka hivyo, kadogo tu. Jumapili ya Februari, mnajua joto la Mombasa mwezi wa pili, akaja kijana getini na jaketi zito la manyoya limefungwa mpaka shingoni, macho mekundu, anatetemeka. Askari akakauka. Mimi nikamwambia twende huku nyuma kwa akina mama wa jikoni kuna chai, na nikamwambia avue jaketi aone raha. Akavua. Ndani ni shati limelowa jasho chapa chapa. Malaria! Kashuka basi la usiku anamtafuta shangazi yake, hajui hata mtaa. Basi ile chai ilikuwa upekuzi na ilikuwa chai, mpaka leo siwezi kukwambia wapi moja iliishia ingine ikaanza. Na kama chini ya lile jaketi kungekuwa na kitu kingine, leo mngekuwa mnanisema mimi vile watu wanavyomsema Rabi Charlie.

Kwa Wayahudi hili jambo la mgeni si tabia ya mtu binafsi tu, ni sheria. Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema jua kali, anaona watu watatu asiowajua, anakimbia, mzee wa watu anakimbia, kwenda kuwakaribisha. Walawi 19 inasema mgeni akaaye nanyi mpende kama nafsi yako kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni Misri. Wanazuoni wao wa zamani walihesabu onyo la kutomwonea mgeni wakalikuta kwenye Torati mara 36, na wengine wakasema 46. Lakini Uyahudi huo huo unasema kuokoa uhai kunatangulia karibu kila amri, hata Sabato inavunjwa. Kwa hivyo rabi hakuwa amechagua upande mmoja wa dini yake akaacha mwingine. Zote mbili alikuwa nazo mkononi, na utaona ya pili ilikujaje.

Kwanza nimalize habari ya kile kikombe, maana kuna kitu hata sisi wa mlangoni kinatuuma. Ibada ilikuwa bado inaenda laivu, hakuna aliyeizima mpaka karibu saa 8 mchana, na watu walimsikia Akram akiongea, anafoka, anabubujika maneno, anasema atakufa. Na katikati ya hayo akamtaja rabi. Akasema huyu ni mtu mzuri, nilimuuliza kama hapa ni mahali pa kulala wakanifungulia wakanipa chai, kwa hivyo najisikia vibaya. Najisikia vibaya! Bastola iko mkononi. Mimi hapo ndipo nilipoacha kuamini hadithi za wema unaoyeyusha kila moyo. Chai ilimfikia, ilimgusa kabisa, alikiri mwenyewe mbele ya dunia, na haikumzuia. Kuna watu wamebadilishwa na wema, wapo, wanajulikana, lakini usiende na birika mlangoni ukidhani umebeba dawa. Huyu alipewa chai akajisikia vibaya na akaendelea.

Ila sitasema haikufanya kitu. Saa zote zile ndani ya chumba kile waliongea. Rabi alikuwa anamtuliza, anamsikiliza, anamfanya aendelee kuwaona ni watu. Jioni saa 11 hivi akamwachia mmoja, yule mzee kuliko wote. Kwamba chai ilichangia siwezi kuthibitisha na sitajifanya naweza.

Sasa hii ya pili, ya kuokoa uhai. Baada ya Pittsburgh, na baada ya Poway kule California Aprili 2019 ambako mama mmoja aliuawa siku ya mwisho ya Pasaka yao, jumuiya za Kiyahudi Marekani ziliacha kubahatisha. Zina shirika lao la usalama, Secure Community Network, kuna ADL, shirika la kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi, kuna FBI na polisi wa mtaa, wanakuja sinagogini wanafundisha watu wa kawaida, mhasibu, mwalimu wa watoto, bibi wa kwaya, wafanye nini mtu akiingia na silaha. Rabi Charlie alikaa kwenye hayo mafunzo si mara moja. Na mateka mwingine naye alikuwa amefundishwa. Sasa sikia walichofanya. Yule mwingine alikaa makusudi karibu na njia ya kutokea. Saa zinavyokwenda wakawa wanajisogeza, kidogo kidogo, kila wakipata upenyo, mpaka wote wakawa si mbali na mlango. Hakuna shujaa wa sinema hapo, ni watu wanasogeza viti kwa inchi.

Kuelekea usiku Akram akaanza kuchoka na kukata tamaa, hapati anachotaka, sauti inapanda. Akawaambia wapige magoti. Yule aliyekuwa anasogeza kiti akainuka akamkazia macho, akatikisa kichwa, midomo ikasema hapana. Hebu fikiria Myahudi anaambiwa apige magoti mbele ya bunduki, na historia ile yote iliyo nyuma yake. Akram akarudi nyuma.

Ilipopita saa 3 usiku rabi akaona jamaa amekaa vibaya, hayuko tayari. Akahakikisha wenzake wawili wako sawa na mlango hauko mbali. Akawaambia nendeni, akanyanyua kiti akamrushia, wote watatu wakatoka mbio. Bila risasi hata moja kuwapata. FBI walikuwa wameshafika na kikosi chao cha kuokoa mateka kutoka Quantico Virginia, wakaingia, Akram akauawa.

Mkono uliompa kikombe ndio uliomrushia kiti, na mimi sioni kwamba rabi alibadilika hapo katikati. Wanaosema "angefunga mlango" wanasahau kwamba mtu huyu huyu ndiye aliyekaa darasani akajifunza kurusha kiti. Kwa mwenye kichwa kimoja hivyo vitu viwili vinakaa pamoja, shida ni sisi tunaotaka mtu awe mpole au awe mjanja, achague.

Nje huku nako kulikuwa na kisa chake. Familia za mateka zilipelekwa kanisa Katoliki la Good Shepherd, jirani hapo, mapadri wakafungua milango. Na Waislamu wakaja, si viongozi wa kupiga picha tu, marafiki wa rabi wa miaka, wakakaa na mke wake kutwa nzima wakisubiri. Fikiria hali yao pia, mateka ni rafiki yako na aliyemteka anajiita Mwislamu na anataja jina la mfungwa ambaye wengine msikitini wanamwombea. Wangeweza kubaki nyumbani na kutoa tamko. Walikuja wakakaa. Yale mazoea ya rabi ya vikao na maimamu, ambayo watu huyaona kama maneno matamu ya kila mwaka na soda na biskuti, siku hiyo yalionekana yalikuwa yanajenga nini.

Jumatatu tarehe 17 wakafanya ibada ya uponyaji, na kwa sababu sinagogi yao ilikuwa eneo la uchunguzi wakaifanyia kwenye kanisa la Wamethodisti la White's Chapel pale Southlake. Rabi akasimama akawaambia wazi kwamba wachache sana kati yetu tuko sawa sasa hivi, lakini tutavuka. Nilipenda hiyo ya kukiri kwamba hatuko sawa. Huku kwetu mtu akitoka kwenye janga tunamkimbiza haraka kwenye ushuhuda, piga makofi, haleluya, na usiku anaota peke yake.

Kuna jambo lilinikera. Usiku ule ule wa Jumamosi ofisa wa FBI alisema kwenye taarifa kwamba madai ya mtekaji hayakuhusu Wayahudi hasa, yalikuwa ya jambo moja tu. Yaani mtu anaacha maduka, anaacha ofisi za serikali, anaacha makanisa yote ya Texas, na mnajua Texas ina makanisa, anaenda sinagogini Sabato asubuhi, halafu unaambiwa si jambo la Wayahudi. Walikosolewa sana wakarekebisha kesho yake wakasema ni ugaidi na Wayahudi ndio waliolengwa. Nadhani kosa lile lilitokana na kudhani chuki dhidi ya Wayahudi ni lazima iwe na sura ya mtu anayepiga kelele nawachukia Wayahudi. Akram hakuhitaji kuwachukia kwa namna hiyo. Alihitaji kuwaogopa tu na kuwakuza, kuwaona wakubwa kuliko walivyo, na hiyo inatosha kumfikisha mtu mlangoni na bastola.

Mwezi Februari rabi akaitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Akaongelea pesa za ulinzi, maana kuna mfuko wa serikali wa kusaidia nyumba za ibada na mashirika kuweka kamera, milango, walinzi, na mwaka ule mfuko ulipanda kutoka dola milioni 180 mpaka 250. Lakini akasema pia kwamba yeye ndiye aliyemfungulia yule mtu, na anaishi na hilo. Hakujitetea. Na akiulizwa kuhusu wageni anajibu kwamba ukarimu kwake ni jambo kubwa na hataki kuuacha, ila usalama nao lazima uwepo, vyote viwili.

Kuna wasioridhika na jibu hilo. Nimeona Wayahudi wenyewe wakilijadili kwa uchungu, wengine wanasema jamani sisi si watu wa kufanya majaribio tena, mlango uwe na kamera na mlinzi na mtu asiyejulikana aongelewe kupitia spika ya getini kwanza. Siwezi kuwalaumu hata kidogo. Mimi nina askari na kichuma chake, nani aliniambia nikitoe? Ninachosema ni kwamba askari wetu amefundishwa kupekua na hakuna aliyemfundisha kusalimia, na sisi tumefundishwa kusalimia na hakuna aliyetufundisha kiti kinarushwaje. Niliwahi kulileta hilo kwenye kikao cha wazee, wakaniambia tutaliombea.

Beth Israel waliendelea kusali kwa majirani miezi mitatu hivi jengo likitengenezwa, Aprili wakarudi ndani. Rabi Charlie hakukaa sana baada ya hapo. Tayari kabla ya siku ile mkataba wake ulikuwa na maneno, washirika wamegawanyika, mambo ya kila kanisa na kila msikiti unayoyajua, na kiangazi cha 2022 akahamia sinagogi ya Temple Emanuel kule Winston-Salem, North Carolina. Huko nako wageni wanabisha hodi, na kwa maneno yake mwenyewe bado anataka kuwafungulia.